Chaja gani inafaa betri nne za sola 200Ah? Mawingu yakikaa siku tatu nazima friza (Lindi)

Mpwani_Mchinga:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina kambi ndogo ya kununua samaki huku pwani Lindi, ukitoka Mchinga unaingia njia ya vumbi kufuata bahari, nguzo za umeme ziliishia kijijini na mpaka kwangu ni mbali kwahiyo kila kitu naendesha na sola. Paneli nne za wati 330, kontrola ya MPPT (inayopokea umeme wa paneli na kuchaji betri), inveta ya volti 24 (haina chaja ndani) na betri nne dipu saiko (za kushuka na kuchajiwa kila siku) za 12V 200Ah, yani ampea-saa 200 kila moja, zile za kuongeza maji, zimefungwa mbili mbili ili kupata 24V. Mzigo ni friza mbili za mfuniko juu, taa, redio na simu za wavuvi maana huku mimi ndo kituo cha kuchaji.

Kiangazi sina neno, saa nane mchana betri zishajaa. Shida ni Januari mpaka Machi, mawingu yakikaa siku tatu mfululizo inveta inaanza kulia alfajiri na ndani kuna pweza na jodari wa watu. Jenereta ya petroli ninayo, 2.5 KVA, nikiwasha inaendesha friza vizuri tu lakini nikizima betri ziko vilevile, ndo nikaona nahitaji chaja.

Nimeenda Mtwara mjini nimerudi na kichwa kinauma. Duka la kwanza wamenipa chaja ya gereji, lile bati lenye mshale na magurudumu, 12/24, muuzaji anasema "hii inachaji mpaka betri za lori". La pili wana chaja ndogo ya plastiki yenye skrini, 24V 10A, bei nyepesi. La tatu wanasema nitoe inveta yangu niweke inveta yenye chaja humo humo, bei yake niuze na mtumbwi. Shemeji yangu naye anasema nisinunue chochote, jenereta ina tundu la DC na klipu zake nyekundu na nyeusi nifunge hapo niende zangu kulala. Naombeni msaada kwa wajuzi, msimu wa mvua huo unakuja.

KucheleOriginal:

Uza pweza wote kabla ya Januari, tatizo limeisha 😂😂 Nipo hapa nafuatilia uzi, na mimi yananihusu

FundiWaMasasi:

Karibu mkuu. Naanza na shemeji yako kabla hajakuunguzia. Lile tundu la DC kwenye jenereta ndogo linatoa 12V, mara nyingi ni ampea kama 8 hivi, limewekwa uamshe betri ya gari iliyolala basi, halina kitu kinachopima betri imejaa au haijajaa na wewe mfumo wako ni 24V. Hapo hamna mjadala.

Sasa chaja. Watu wengi wanaanza na bei, we anza na ukubwa wa benki yako, yani betri zako zote kwa pamoja. Betri nne za 200Ah ukizifunga mbili mfululizo halafu jozi mbili sambamba unapata 24V 400Ah, sio 800 kama wauzaji wengine wanavyokutajia. Betri za maji zinapenda kuchajiwa kwa ampea zisizopungua asilimia 10 ya Ah zake, yani kwako ni 40, na nyingi zinavumilia mpaka asilimia 20. Ukienda chini sana asidi inalala chini ya betri na maji yanabaki juu, haichanganyiki, pleti zinaanza kushika ile chumvi nyeupe ya salfeti na baada ya muda unaambiwa betri feki kumbe zilikua hazishibi.

Kwahiyo hiyo ya 10A itoe kwenye hesabu. Betri ikiwa nusu unahitaji kurudisha Ah 200, weka na zinazopotea njiani kama asilimia 15 inakua 230, gawa kwa 10 ni masaa 23 jenereta inawaka, na hapo friza zako zimezimwa! Friza zikiwaka zinakula nusu ya hizo ampea. Utamaliza petroli ya Lindi nzima betri iko palepale.

Tafuta chaja ya 24V 40A ya kisasa yenye hatua tatu. Inaanza kusukuma ampea zote (hiyo wanaita balki), ikifika volti 28.8 inashika hapo hapo na ampea zinapungua zenyewe kidogo kidogo (absopsheni), betri ikishajaa inashuka mpaka 27 na kitu kwenda kushikilia tu (floti). Hakikisha ina sehemu ya kuchagua aina ya betri, maji, AGM na gel (za kufungwa, haziongezwi maji) na lithiamu, afu uchague ya kwako maana zikija kutoka dukani mara nyingi zimewekwa aina nyingine.

Na swali moja, pima kila betri peke yake asubuhi kabla jua halijatoka uniletee namba zake nne. Una mita?

MzeeWaKivinje:

Fundi shikamoo yako nimepokea hata kama hujanipa 😄 ila na mie niseme. Hapa Kivinje tuna chaja ya gereji, lile bati lenyewe, mwaka wa ngapi huu inachaji betri za mashine ya kusaga na za boti na haijawahi kufa. Hizi zenye skrini feni ikinyonya hewa ya chumvi mwaka mmoja umekwisha. Bati halina cha kuharibika, ni transfoma na daiodi basi. Watu wa sasa mnapenda vitu vya kubonyeza

FundiWaMasasi:

Shikamoo mzee wangu, samahani. Sikatai bati linadumu kuliko hata sisi. Linalokufa ni betri. Lile halijui kusimama, betri ikifika 28.8 lenyewe linaendelea kusukuma, nimepima mara nyingi unakuta mshale umeshuka kwenye ampea 5 mtu anasema imejaa, kumbe volti iko 31 au 32 na betri zinachemka kama uji. Kwa gereji ni sawa kwa sababu kuna mtu amekaa pale anaangalia, betri ya gari inakaa pale masaa machache inaondoka. Kwa benki ya sola ambayo jamaa anawasha jenereta saa kumi na mbili asubuhi anaenda pwani kupokea mitumbwi, akirudi maji yamekauka pleti ziko wazi. Kama una bati na huna kingine, litumie kwa masaa mawili ya mwanzo tu betri zikiwa chini, mita iko mkononi, ikifika 28.5 zima. Kwenye hewa ya chumvi hapo nakubaliana na wewe asilimia mia.

BintiMikindani:

Habari za saa hizi. Fundi umeeleza vizuri lakini 40A umeisahau jenereta ya mwenzetu, ngoja nimwage hesabu.

Chaja ya 40A ikiwa kwenye 28.8V inatoa wati 1,152 upande wa betri. Chaja nzuri inapoteza kama asilimia 15, kwahiyo inavuta kama wati 1,355 kwenye jenereta. Hapo watu wengi wanaishia na kusema "si nina 2.5 KVA, inabaki". Shida ni kwamba chaja nyingi za bei ya kawaida hazivuti umeme kwa ulaini, zinavuta kwa mikupuo juu ya kila wimbi, paua fakta yake (sehemu ya umeme uliovutwa inayofanya kazi kweli) inaweza kua 0.7. Gawa 1,355 kwa 0.7 unakaribia VA 1,940. Na 2.5 KVA iliyoandikwa ubavuni kwa jenereta hizi ndogo mara nyingi ni ya juu kabisa, ile ya kufanya kazi muda mrefu ni 2 au 2.2 na ipo kwa maandishi madogo. Yani utakua umeikaba koo na friza ikijaribu kuwaka tu jenereta inakohoa.

Kwahiyo njia ni mbili, ama utafute chaja ya 40A yenye PFC, yani inayolainisha huo mvuto (imeandikwa kwenye karatasi yake, paua fakta 0.95 kwenda juu, hiyo itavuta kama VA 1,400 tu), ama uchukue 30A ya kawaida ambayo itavuta kama VA 1,450. Mi kwa hali yako ningechukua 30A na nisiumie kichwa, maana hauko peke yako, paneli zinasaidia.

Na mpango wa kuchaji ndo wenye pesa hapa, kuliko hata chaja yenyewe. Betri ya asidi inapokea ampea nyingi ikiwa chini, ikifika kama asilimia 80 inaanza kukataa, chaja yako ya 30 au 40 unakuta inaingiza 15, mara 10, mara 6, na hiyo asilimia 20 ya mwisho inataka masaa matatu mpaka matano. Jenereta wakati huo inakula petroli karibu ileile. Watu wa kusini tunakosea hapa, mtu anawasha jenereta saa moja jioni giza likiingia, anaunguza mafuta usiku kucha kujaza asilimia 20. Wewe washa saa kumi na mbili asubuhi betri zikiwa chini kabisa, ipige mpaka saa tatu hivi, zima, halafu ile sehemu ya polepole ziachie paneli. Hata kwenye mawingu paneli zako nne zitatoa ampea 8, 10, 15, na hizo ndo betri inazitaka muda huo. Unatumia mafuta kwenye kipande ambacho mafuta yana faida.

Mzigo wako sijauona ila friza mbili na vikorokoro tuseme ni kilowati-saa 3 kwa siku, ukiweka na zinazopotea kwenye inveta ni kama Ah 140 kwenye 24V. Siku ya mawingu mazito paneli zako zinaweza kukupa theluthi yake. Pengo ni Ah 90 hivi. Chaja ya 30A ukitoa zinazoliwa na friza inabaki kama 25, masaa matatu na nusu umeziba pengo. Ya 40 ni masaa mawili na nusu. Tofauti ni lita moja ya petroli hivi kwa siku za mvua tu.

Mpwani_Mchinga:

Aisee dada Binti na fundi Mungu awabariki, mmenitoa gizani. Hiyo ya kuwasha asubuhi sikuwahi kuifikiria, huku wote tunawasha jioni kwa ajili ya taa na mpira.

Fundi namba hizi hapa nimepima leo saa kumi na moja na nusu alfajiri na mita ya kijana wa redio, friza nimezizima kidogo kwanza kama nusu saa:
jozi ya kwanza, betri ya juu 12.4, ya chini 11.9
jozi ya pili, ya juu 12.4, ya chini 11.9

Halafu ile ya chini ya jozi ya kwanza inakula maji kidogo sana ila za juu ndo naongeza maji kila mara. Hii ni kawaida? Na swali lingine, chaja ikiwaka na jua likitoka MPPT nayo inachaji, hazitagombana?

FundiWaMasasi:

Hizo namba zinaongea. 12.4 ni betri iko kama asilimia 70, 11.9 iko chini ya nusu tena chini sana. Na zote mbili za chini zina tatizo lilelile, za juu zote ziko sawa, hiyo sio bahati mbaya. Hizo simu za wavuvi na redio umeme wake unatoka wapi, kwenye inveta au kuna waya umechomolewa kwenye betri moja moja?

Mpwani_Mchinga:

Fundi aliyenifungia aliacha waya wa 12V kutoka betri ya chini, alisema redio na chaja za gari za simu hazitaki 24. Na kuna waya mwingine unaunganisha katikati ya jozi hii na ile.

FundiWaMasasi:

Ndo hapo sasa. Na huo waya wa katikati ndo umefanya zote mbili za chini ziteremke pamoja. Betri mbili za mfululizo ni watu wawili kwenye mtumbwi mmoja, mmoja kala ubwabwa mwingine hajala toka jana, na mnategemea wapige kasia sawa. Kontrola yako inaona 24.3 kwa jumla, haijui kwamba moja ina 12.4 na nyingine 11.9. Wakati wa kuchaji jumla ikifika 28.8, ya juu inakua kwenye 15 inachemka maji (ndo maana unaongeza maji huko) na ya chini iko 13.8 haijashiba. Kila siku hivyo hivyo. Hata ukinunua chaja ya dhahabu itachaji kwa mtindo huo huo.

Ondoa huo waya wa 12V leo. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, vile vinavyowekwa kwenye malori, cha ampea 10 au 20 kinatosha, kinavuta kwenye betri zote mbili kwa usawa. Baada ya hapo chukua chaja ya 12V ya kuazima, ya gari tu, uzishibishe zile mbili za chini, betri kwa betri ukiwa umezifungua kabisa kwenye mfumo, usiziache zimeungana. Zikishajaa unapima kwa kile kipimo cha kunyonya asidi, haidromita, kinauzwa maduka ya spea. Betri iliyojaa vizuri inasoma kama 1.265 mpaka 1.280 kila tundu. Kama kuna tundu moja linasoma 1.200 na wenzake 1.270 hata baada ya kuchaji vizuri, hilo tundu ndo linakufa.

Halafu angalia waya mkubwa wa kwenda inveta umetokea wapi. Chanya itoke jozi ya kwanza na hasi itoke jozi ya pili, mshazari, ili jozi zote zifanye kazi sawa. Mafundi wengi wanachomeka zote mbili jozi ya karibu kwa kua waya ni mfupi.

MPPT na chaja hazigombani. Zote zinafungwa kwenye betri, kila moja inaangalia volti. Weka tu namba za absopsheni sawa kwenye zote mbili, isije moja ikasema 28.2 nyingine 28.8, maana ile yenye namba ya chini itaona betri imejaa itaacha kazi mapema. Hiyo tu.

NachingweaTech:

Kwani bado tunahangaika na asidi mwaka huu? Weka lithiamu ya 24V 200Ah, yani LiFePO4, uza hizo nne. Haitaki maji, haitaki absopsheni ya masaa matano, inapokea ampea zote mpaka karibu ijae, jenereta masaa mawili umemaliza kazi. Unaitumia asilimia 80 mpaka 90 bila kuumia, wakati hizo za asidi nusu tu ndo zako, nusu nyingine unaitunza kama mahari.

BintiMikindani:

Nachingwea uko sahihi na hakuna anayekubishia, hasa kwa mtu wa jenereta lithiamu ndo inafaa zaidi. Ila mwenzetu ana betri nne tayari na mvua inakuja, akiuza betri zilizotumika atapewa bei ya chuma chakavu. Ninachomshauri anunue chaja ambayo ina mpangilio wa lithiamu pia au inayoruhusu kuweka volti mwenyewe, ili siku akihama aihamishe na chaja. Lithiamu ya 24V seli nane inachajiwa kama 28.4 na isizidi 29.2, na haitaki ile ya kupandisha volti kusawazisha. Hizi za maji ndo zinaitaka mara mojamoja, 30 mpaka 31 kwa masaa machache ukiwepo hapo hapo, mifuniko ya kupumulia safi, hakuna mtu anayevuta sigara. Gesi inayotoka pale ni haidrojeni, sio mchezo.

Kuna jambo la joto pia, huku kwetu tunalipuuza. Hizo 28.8 ni za betri yenye nyuzi 25. Chumba chako naamini ni bati juu, mchana betri zenyewe zinafika 35, 38. Kila nyuzi moja ikipanda inatakiwa volti ishuke kidogo, kwa 24V ni kama milivolti 48, kwahiyo kwa nyuzi 38 unatakiwa uwe 28.2 hivi. Chaja nzuri inakuja na waya mdogo wa kupima joto, unaugandisha kwenye ubavu wa betri, sio ukutani. Kama haina waya huo basi angalau zifungie betri sehemu yenye kivuli na upepo, na ndo sababu nyingine nzuri ya kuchaji asubuhi.

MzeeWaKivinje:

Bati langu halina waya wa joto ila lina mimi. Endeleeni

Mpwani_Mchinga:

😂😂 mzee wetu. Basi nimeelewa, waya wa 12V nimeshautoa, kigeuzi nimemuagiza dereva wa basi la Mtwara. Kuna duka nimepiga simu wana chaja ya 24V 30A ina kuchagua aina ya betri na waya wa joto, PFC hawajui ni kitu gani. Na jamaa wa duka la tatu bado ananiambia hiyo inveta yenye chaja ndo suluhisho la kudumu, kanitajia za kampuni ya Victron. Ni kweli inalipa au ananitafutia pesa? Halafu chaja nataka kuifunga ukuta wa pili maana chumba cha betri kina harufu, kama mita tatu hivi, waya gani?

BintiMikindani:

Sio kwamba anakudanganya, ni vitu vizuri kweli. Ukiona inveta yao ya MultiPlus 24/3000/70 ina maana ni ya 24V, inveta yake VA 3,000 na chaja yake ni ampea 70. Kinachofanya watu wa jenereta waipende ni kwamba unaiambia isivute zaidi ya kiasi fulani kwenye jenereta, friza ikiwaka yenyewe inapunguza kuchaji ili jenereta isizidiwe, na friza ikihitaji zaidi inaongezea kutoka betri. Lakini una inveta nzima inayofanya kazi, kutoa kitu kizima kuweka kingine kwa ajili ya miezi mitatu ya mawingu mimi siioni. Siku inveta yako ikifa, hapo ndo ununue yenye chaja. Kwa sasa 30A hiyo chukua, ila friza ziache kwenye inveta hata jenereta ikiwaka, usizihamishie kwenye jenereta. Ule mkupuo wa friza kuanza utabebwa na betri, jenereta yenyewe ibaki na kazi moja ya chaja tu, itaunguruma kwa utulivu.

Waya sasa, hapa ndo watu wanaharibu chaja nzuri. Mita tatu kwenda ni mita sita kwenda na kurudi. Waya wa mm² 10 kwa ampea 30 utakula volti kama 0.33 njiani, chaja inaona imefika 28.8 kumbe betri ina 28.5 na inaanza kupunguza mapema. Weka mm² 25 inashuka mpaka 0.13, au sogeza chaja iwe mita moja na nusu. Isikae juu ya betri moja kwa moja maana mvuke wa asidi utaipanda, ubavuni mbali kidogo. Na upande wa betri weka fyuzi au breka ya DC ya ampea 40 au 50, karibu kabisa na betri. DC mkuu, usiwekewe breka ya nyumbani ya AC kwa kua inafanana, ile ya AC inategemea umeme unapita sifuri kila mara kuzima cheche, DC haipiti sifuri kwahiyo cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka inayeyuka.

FundiWaMasasi:

Dada amemaliza. Mi bado nasema 40 ila kwa jenereta yake sawa, 30 nimekubali. Naongeza mawili. Maji ya betri nunua yale yaliyosafishwa, na usome chupa, kuna wanaouza asidi kwenye chupa zinazofanana, betri inayopungua maji haijapoteza asidi ukiongeza asidi unazila pleti. Na uongeze baada ya kuchaji sio kabla, isipokua kama pleti ziko wazi ndo unaweka kidogo ya kuzifunika. Vichwa vya betri paka grisi au vaselini, huko pwani ukikaa mwezi bila kupaka unakuta kijani kibichi.

Lingine, huo mpango wa asubuhi ni mzuri lakini mawingu yakiunganisha wiki nzima, kila baada ya wiki moja au mbili ziache jenereta imalizie mpaka absopsheni iishe, hata kama mafuta yanauma. Betri zikikaa kwenye 80 mwezi mzima hazitakuja kufika 100 tena.

Newala_Juu:

Samahani kudandia uzi, mimi nipo Newala nina betri mbili za gel 12V 150Ah kwenye 24V, nyumba ya shambani msimu wa korosho. Hiyo chaja ya 30A inanifaa na mimi? Na muuzaji anasema zangu ni N150 ni kitu kilekile.

FundiWaMasasi:

N150 ni betri ya lori ya kuwashia injini mkuu, sio gel na sio ya kushuka chini kila siku. Angalia tena ubavuni na uinyanyue, kama mifuniko ya maji ipo basi umeuziwa ya lori. Kama ni gel kweli haifunguki popote. Benki yako ni 150Ah, ampea 30 ndo asilimia 20 kamili, uko ukingoni kabisa, tafuta ya 15 au 20 utalala vizuri. Volti za gel ziko chini, kama 28.2 mpaka 28.4, soma karatasi ya betri yako ndo ya mwisho, na kile kitufe cha kusawazisha kizime kabisa, gel ikishatoa mapovu ndani haiongezewi maji. Piga picha ya ubavuni utuwekee hapa.